Nimehamisha herufi A kutoka kidole cha mwisho kwenda kwenye gumba, miezi mitano sasa. Uzi wa kibodi, leiauti na mikono inayouma

BintiUluguru:
Wakuu habari za jioni, huu uzi ni mrefu ila naomba mtu anayechapa Kiswahili kutwa nzima ausome mpaka mwisho kwa sababu mimi ningeupata miaka miwili nyuma ningeokoa hela na maumivu.

Kazi yangu ni kunukuu sauti. Watafiti wananitumia usaili waliorekodi vijijini, mimi nasikiliza nachapa neno kwa neno, kabla ya hapo nilikuwa na stesheneri hapa Morogoro nachapa barua, CV, ripoti za wanafunzi, kwahiyo ni kama miaka kumi na moja mikono iko juu ya kibodi. Mwaka juzi kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikaanza kuuma, kwanza jioni tu, baadae asubuhi naamka nacho kimekaza, afu maumivu yakapanda upande wa nje wa mkono mpaka karibu na kiwiko. Nikaenda kwa mtaalamu wa viungo akanipa mazoezi na kaniambia nipumzishe mkono. Nipumzishe vipi na ndo unaonilisha.

Nikaingia mtandaoni kutafuta, na kila mahali wanasema badilisha leiauti, yaani mpangilio wa herufi kwenye kibodi. QWERTY, hii tuliyoizoea wote, ni ya zamani, ilitoka kwa mvumbuzi Sholes kule Milwaukee Marekani na kampuni ya Remington wakaanza kuiuza kwenye taipureta mwaka 1874, eti imepitwa, hamia Dvorak, hamia Colemak. Nikahamia Dvorak. Nimeteseka nayo wiki tisa. Kidole kikaendelea kuuma vilevile, na kidole cha shahada cha kushoto nacho kikaanza.

Sasa hapa ndo pointi yangu. Siku moja nimekaa nimeshika chai nikaandika kwenye karatasi "haraka haraka haina baraka" nikahesabu herufi. Ziko 23. A peke yake ziko 11! Hiyo methali imezidisha najua, ila chukua ukurasa wowote wa Kiswahili uhesabu mwenyewe, A inaongoza na hakuna anayeikaribia. Afu angalia A iko wapi. QWERTY: kidole cha mwisho kushoto. Dvorak: kidole cha mwisho kushoto, palepale. Colemak: palepale tena!! Hao watu walihesabu herufi za Kiingereza, na Kiingereza kinaongozwa na E, A kwao ni ya kawaida tu hivyo kuiacha kwenye kidole dhaifu haikuwa shida kubwa. Sisi tunabeba gunia la mahindi kwa kidole kidogo kuliko vyote na tukilalamika tunaambiwa tubadilishe leiauti ambayo gunia lipo palepale.

Kwahiyo nilichofanya mwishoni: nimenunua kibodi ya vipande viwili, ile kila mkono na kipande chake na kila gumba lina vitufe vyake vitatu, nikairudisha QWERTY yangu kama ilivyo, na herufi moja tu nikaihamisha. A iko gumba la kushoto, spesi gumba la kulia. Maumivu ya kidole cha mwisho yalipungua ndani ya wiki tatu hivi na sasa ni siku chache sana nayasikia. Kasi haijapanda, nilikuwa naenda maneno 62 kwa dakika na sasa niko 60. Sijali. Mkono wangu naufungua asubuhi bila kuusugua.

Mwenye swali aulize.

Fundi_Saketi:
Dada asante sana, uzi wa maana huu. Nipo Dar natengeneza hizi kibodi kwa mkono, nimeshaunda Lily58 mbili na Corne moja. Kuhusu gumba uko sahihi na sio wewe wa kwanza kuwaza hivo, Uingereza miaka ya 1970 mama mmoja mwalimu wa kuchapa anaitwa Lillian Malt alishirikiana kutengeneza kibodi ya Maltron na kwenye leiauti yake E aliiweka kwenye gumba la kushoto. Alichukua herufi inayofanya kazi zaidi akampa kidole chenye nguvu zaidi, kwa Kiingereza ni E, kwa kwetu hesabu ileile inakupeleka kwenye A. Gumba kwenye kibodi ya kawaida yote mawili yanagombania kitufe kimoja cha spesi, ni uonevu.

Swali, ile sehemu ya A ya zamani umeweka nini?

BintiUluguru:
Kaka mwanzoni niliiacha haitoi kitu. Ukiibonyeza kimya. Hii ilinisaidia kuliko mazoezi yote kwa sababu kidole kikienda kule kwa mazoea hakipati thawabu yoyote, baada ya siku kama kumi kikaacha chenyewe kwenda. Kipindi cha katikati nilikuwa naandika "hbri z subuhi" wateja wanauliza dada unaumwa. Baadae nikaweka alama ya ng' pale, ya ng'ombe na ng'ambo, maana nayo ilikuwa inaninyoosha kidole cha mwisho cha kulia.

Dev_wa_Ziwa:
Habari wadau, niko Kisumu, mimi ni programa na nimetumia Dvorak miaka sita na siwezi kurudi nyuma, kwa hivyo nitaitetea kidogo. Dvorak vokali zote tano ziko mkono wa kushoto mstari wa katikati, A O E U I, na konsonanti nyingi ziko kulia. Kiswahili ni konsonanti vokali, konsonanti vokali, sasa ukichapa "ninasema" ni kulia kushoto kulia kushoto mpaka mwisho, mikono inapokezana kama watu wanatwanga kwa kinu kimoja. Hakuna leiauti nyingine nimeona inafanya hivyo kwa Kiswahili. Nadhani wiki tisa zilikuwa kidogo dada yangu, mimi nilihitaji miezi minne ndio nikawa sawa.

BintiUluguru:
Kaka ninasema ni neno zuri kwa Dvorak nakubali kabisa, na hiyo raha ya kupokezana niliisikia, "nimesema", "tunasonga", yanateleza. Ila sasa nichapie "kuku yupi". Usijibu haraka, chapa kwanza uangalie vidole.

Dev_wa_Ziwa:
Wueh.

Yote ni kidole kimoja. Kidole cha shahada cha kushoto, herufi nane.

BintiUluguru:
Ndo hivo. Kwenye Dvorak hicho kidole kimepewa P, U, K, Y, I na X. Kwa Kiingereza K na Y ni wageni wa mara mojamoja. Kwetu sisi kila kitenzi kinaanza na ku, kila kiti kisu kitabu ni ki, afu yu, yi, pi, "kupika" kidole hicho kinapiga mara tano mfululizo kabla hakijapata nafuu ya A. Wewe kazini unachapa code za programu ambazo ni Kiingereza ndo maana hujakiona, na kwa kazi yako Dvorak ni sahihi wala sikwambii uiache. Mimi nachapa "kukiuka", "kupiku", "kikiki" ya msemaji mwenye kigugumizi maana natakiwa ninukuu kila kitu.

Dev_wa_Ziwa:
Nimekuelewa na sina la kubisha. Kwa kweli nikiandikia mama WhatsApp ya kompyuta mkono huo huchoka na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kimya_wa_Tabata:
Na Colemak je? Mimi niko wiki ya tatu, naipenda kwa sababu Z X C V zimebaki palepale hivo kukopi na kupesti havijabadilika.

BintiUluguru:
Colemak sijaitumia muda mrefu, siku kumi na mbili tu, kwahiyo chukua maneno yangu kwa kiasi hicho. Ni ya 2006, ya Shai Coleman, na imefikiriwa vizuri, inabadilisha vitufe 17 tu. Kilichonishinda ni M yetu. Kidole cha shahada cha kulia kina J, L, H, N, K, M, vyote sita. Sasa chapa mjumbe, mkono, mlango, mnyama, mjini. M inatua halafu inayofuata nayo ni kidole kilekile kiruke. Kiingereza hakina maneno yanayoanza na mk wala ml. Ila kama hauumwi na unaipenda endelea, mi sio polisi wa leiauti, na QWERTY nayo haina usafi, "humjui" ni herufi tano za mwanzo kidole kimoja, na "ki" yote ni kidole cha kati. Tofauti ni kwamba QWERTY tayari ninayo mikononi kwa miaka kumi na moja, siwezi kulipa miezi minne ya kujifunza upya ili nipewe shida ya aina nyingine.

Fundi_Saketi:
Naongezea hapo, watu wanachanganya mambo mawili, umbo la kibodi na mpangilio wa herufi. Umbo ndo linaokoa vifundo vya mikono. Kibodi ya kawaida ni nyembamba, mabega yako mapana, kwahiyo mikono inaingia ndani na vifundo vinapinda kwenda nje, ukiigawa vipande viwili kila kimoja kinakaa mbele ya bega lake na kifundo kinanyooka. Ukiviinua upande wa ndani kama paa la nyumba mkono haulazimiki kulala kifudifudi kabisa. Microsoft walitoa ile Natural iliyopinda mwaka 1994, Kinesis walikuwa na ile yenye mabakuli tangu 1992, sio jambo jipya hili. Na ule mshazari wa vitufe, kwamba Q haiko juu ya A moja kwa moja, ni urithi wa taipureta maana kila kitufe kilikuwa na mkono wake wa chuma ilibidi ipite katikati ya mingine. Kibodi hazina mikono ya chuma sasa lakini mshazari tumeubeba.

Ushauri: USIBADILISHE VYOTE KWA WAKATI MMOJA. Nimeona wateja wawili wamefanya hivo, umbo jipya leiauti mpya wiki moja, wote wamerudisha kibodi.

BintiUluguru:
Hilo limeze kabisa kama lilivyo. Mimi umbo kwanza, wiki nne na QWERTY nzima bila kugusa herufi. Wiki ya kwanza nilikuwa naenda maneno 14 kwa dakika kwa sababu ya ile mistari iliyonyooka, B na C zilinisumbua kuliko zote, kumbe miaka yote B nilikuwa naibonyeza kwa mkono wa kulia! Ukigawanya kibodi ndo unajua dhambi zako. Baada ya kufika 45 ndo nikaihamisha A. Na kazi ya mteja yenye tarehe nilikuwa naifanya kwenye laptopu kama kawaida, kibodi mpya dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni, sio zaidi, maana ukichoka unajifunza makosa. Nilitumia Monkeytype, tovuti ya mazoezi ya kuchapa, ina maneno ya Kiswahili, usifanye mazoezi kwa Kiingereza kama kazi yako ni ya Kiswahili.

Mzee_wa_Ribboni:
Nimesoma yote kimya. Mimi nilisomea upigaji chapa miaka ya themanini, taipureta za chuma, mwalimu anafunika mikono yetu na kitambaa. a s d f, semikoloni l k j, asubuhi mpaka mchana. Nataka kuuliza binti, viganja vyako unavilaza wapi unapochapa?

BintiUluguru:
Shikamoo mzee wangu. Navilaza mezani, mbele ya kibodi.

Mzee_wa_Ribboni:
Marahaba. Basi hapo kuna kitu. Taipureta ilikuwa ndefu juu na kitufe kizito, ulikuwa huwezi kulaza kiganja, mkono wote ulielea na ulikuwa unasogea. Ukitaka herufi ya mbali mkono mzima unakwenda, sio kidole kinajinyoosha peke yake. Tulichoka mabega, ndiyo, na wapo walioumia, sitasema zamani hakukuwa na maumivu. Lakini ukilaza kiganja umekifunga kamba, halafu unakituma kidole kidogo kifanye kazi ya mkono. Pandisha kiti, viwiko viwe juu kidogo ya meza, uache kulaza wakati unachapa. Laza ukipumzika tu. Jaribu wiki mbili uniambie.

BintiUluguru:
Nimepokea mzee, naanza leo, nitaleta majibu humuhumu.

Kimya_wa_Tabata:
Swali la hela sasa. Hivi vibodi vya vipande viwili kuagiza nje na ushuru wake sisi wa kawaida tunafanyaje, na kompyuta ya ofisini hatuna ruhusa ya kuweka programu.

Fundi_Saketi:
La ofisini ni rahisi, kibodi zenye QMK, ile programu inayowekwa kwenye kidhibiti cha kibodi, mpangilio unakaa ndani ya kibodi yenyewe, ukichomeka kwenye kompyuta yoyote inajiona kibodi ya kawaida tu haihitaji kuwekewa kitu. La hela, ukijua kuchoma risasi unaagiza bodi, swichi, dayodi moja kwa kila kitufe na vidhibiti viwili, inashuka sana. Tahadhari moja, ule waya unaounganisha vipande viwili kama ni wa tundu la mviringo la aina ya earphone USIUCHOMOE wakati kibodi iko kwenye umeme, unaweza kupiga shoti ukaunguza kidhibiti. Mimi nimeunguza kimoja.

BintiUluguru:
Na asiye na hela kabisa kuna njia, mdogo wangu anaitumia kwenye laptopu yake ya kawaida. Kitufe cha Alt cha kushoto kiko jirani na spesi, gumba linakifikia. Kwenye Windows kuna PowerToys ya Microsoft wenyewe ni bure, ina sehemu ya kubadilisha vitufe, Alt ya kushoto iwe A na A ya zamani iwe Alt, vitufe viwili tu vimebadilishana. Sio laptopu zote, kwenye nyingine Alt iko mbali gumba linajikunja chini ya kiganja na utapata shida mpya, angalia yako kwanza. Kitu kingine, kwenye kibodi yangu nilijaribu ujanja wa kitufe kimoja kugusa ni A kushikilia ni shifti, USIFANYE kwa A. A inakuja haraka mno kwenye Kiswahili, herufi inayofuata inafika kabla gumba halijainuka na unapata herufi kubwa katikati ya neno. A iwe A tu.

Mswahili_Hamburg:
Mimi huku Ujerumani nina kesi yangu, kibodi zao Z na Y zimebadilishana nafasi. Unafikiri ni kitu kidogo lakini kwa Kiswahili ni balaa kwa sababu kosa halionekani! Nikimwandikia mtu "barua yako" inatoka "barua zako", na zote ni Kiswahili sahihi. Kikagua tahajia hakisemi kitu. Nilimwandikia dada yangu kuhusu "nyumba yangu" ikatoka nzumba zangu, ile nzumba nikairekebisha ile zangu nikaiacha, akanipigia simu kuniuliza nimejenga ngapi. Nikanunua kibodi ya Kimarekani kwa mtu anayeuza iliyotumika, nikaacha kupambana.

Mtu_wa_Buja:
Salamu toka Bujumbura. Sisi huku na ndugu zetu wa Kongo tunatumia AZERTY ya Kifaransa, na nimesoma uzi huu nikaangalia mikono yangu nikaona ni mbaya kuliko yenu wote. A yetu iko mstari wa juu kidole cha mwisho kushoto, na M yetu iko pembeni ya L, kidole cha mwisho kulia. Nikichapa "mama" natumia vidole viwili vya mwisho peke yake, maisha yangu yote. Laptopu yangu Alt iko karibu, nimefanya ile ya PowerToys jana usiku, A iko gumba. Sasa dada, M niipeleke wapi?

BintiUluguru:
Ndugu yangu pole sana, mama kwa vidole viwili vya mwisho kweli ni mateso. Kwenye AZERTY kulia kwa N pana koma sivyo? Pale ndo sisi wa QWERTY tuna M yetu. Badilisha M na koma, koma unaiandika mara chache, M itaanguka kwenye kidole cha shahada cha kulia. Ila fuata alichosema fundi, A imeingia jana, M isubiri. Wiki tatu.

Mtu_wa_Buja:
Nitasubiri. Asante sana dada.

BintiUluguru:
Narudi na majibu ya mzee kama nilivyoahidi, wiki mbili zimepita na siku mbili juu. Nimepandisha kiti kwa mto, viganja silazi tena. Siku nne za kwanza mabega yaliuma nikataka kuacha. Sasa mabega yamezoea, na kile kidole cha mwisho jana nimechapa usaili wa saa nzima, karibu kurasa ishirini na mbili, sijakisikia kabisa. Mzee wangu nashukuru mno, hili hakuna ukurasa wowote niliosoma uliniambia. Na kwa yeyote ambaye vidole vinakufa ganzi au vitu vinakudondoka mikononi, hiyo sio ya kibodi tena, nenda hospitali usisubiri uzi.

Mzee_wa_Ribboni:
Nimefurahi binti. Mto utakuharibia mgongo, tafuta kiti kinachopanda.

Fundi_Saketi:
Dada kiti ninacho kimoja cha ofisini, gesi yake nzima, nakuja Moro mwisho wa mwezi nakuletea. Pia nimeanza kuchora bodi ambayo kitufe cha gumba la kushoto ni kipana kuliko vingine, kwa ajili ya A. Nikimaliza faili naliweka hapa bure kila mtu achukue.

Mtu_wa_Buja:
Wiki tatu zimefika. Nimebadilisha M na koma leo asubuhi. Nimechapa mama, mama, mama, mstari mzima. Shahada na gumba. Bado polepole lakini vidole vya mwisho vimekaa tu vinatazama.